Niliyojifunza nikiomba uraia wa Ufaransa na ushungi kichwani

Kila mara napata ujumbe wa sauti kutoka kwa dada zangu wa Unguja, Mombasa na Moroni, walioolewa Ufaransa au walio njiani kuja. Maswali yao yanafanana: nivue ushungi? Nibadilishe jina? Ofisa mwanamume akininyooshea mkono nifanye nini? Nimekuwa nikijibu kwa vipande vipande, leo naandika yote pamoja. Mimi ni Mzanzibari, mume wangu ni Mngazija aliyezaliwa Marseille. Uraia nimeupata, lakini uliniletea machozi na uliramba akiba yetu. Nitawaeleza na habari za Wayahudi, kwa sababu kama si jirani yangu Myahudi, hata nusu ya yaliyokuwa yakinipata nisingeyaelewa.

Nilifika Marseille 2014. Wangazija ni wengi mjini humo, kwa hiyo wiki za mwanzo nilijiona kama niko nyumbani: samaki, wali wa nazi, harusi kubwa, lugha ambayo ukisikiliza vizuri unaielewa. Wazee wa upande wa mume wangu ndio walionipa onyo la kwanza: hapa mtu anaishi bila kujionesha. Sikuelewa mpaka niliposimuliwa kisa cha Ibrahim Ali, kijana wa Kingazija wa miaka 17. Usiku wa tarehe 21 Februari 1995 alikuwa akirudi kutoka mazoezi ya muziki na wenzake, wakakutana na watu wanaobandika mabango ya National Front, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji. Alipigwa risasi ya mgongoni, akafa. Barabara ile imepewa jina lake 2021, baada ya familia na marafiki kupigania jambo hilo miaka mingi. Wazee wetu walilea watoto wao wakiwa na kisa hicho moyoni, ndiyo maana walininong'oneza.

Kisha ikaja Januari 2015. Wauaji waliodai kuua kwa jina la Uislamu waliingia ofisi za gazeti la Charlie Hebdo Paris, na siku mbili baadaye mwenzao akaua Wayahudi wanne katika Hyper Cacher, duka la vyakula vya Kiyahudi. Baada ya hapo niliyaona macho ya watu kwenye basi yakibadilika. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2016, hapo hapo Marseille, kijana wa miaka 15 alimshambulia kwa panga mwalimu Myahudi barabarani, akidai anafanya hivyo kwa ajili ya Dola ya Kiislamu. Mwalimu alinusurika. Kiongozi wa baraza la Wayahudi la mji akawashauri watu wake wasivae vikofia vyao nje. Rabi mkuu wa Ufaransa akapinga ushauri huo, nchi nzima ikabishana.

Wiki hiyo hiyo wifi yangu alinishauri niache ushungi nifunge kilemba, "cha mtindo wa Kiafrika tu, hawatajua." Nilikuwa nalifikiria hilo huku nikipanda ngazi na mifuko, nikamkuta jirani yangu wa ghorofa ya tatu amesimama na mumewe mlangoni. Mama wa watu, umri wa mama yangu. Mkononi ameshika kofia ya kawaida ya michezo, anambembeleza mumewe aivae juu ya kikofia chake kabla hajaenda sinagogi. Mzee hataki. Aliponiona akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye kadhi: "Mwanangu, wewe ungevaa?" Nilimwambia nami nimeulizwa swali hilo hilo asubuhi. Tulikaa pale ngazini muda mrefu, vyakula vyangu vya barafu vikayeyuka. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Sasa niende kwenye maombi yenyewe.

Ukiwa umeolewa na Mfaransa, sheria inataka ndoa ya miaka 4 na maisha ya pamoja, na 5 kama hamkuishi Ufaransa muda wa kutosha. Ndoa iliyofungwa kwetu lazima kwanza iingizwe katika daftari za Ufaransa. Kifaransa wakati wangu kilikuwa kiwango cha B1, yaani cha kati, kusema na kuandika. Tangu Januari 2026 kimepandishwa hadi B2, kwa hiyo anzeni kusoma mapema, msingoje mwaka wa maombi. Stempu ya serikali ilikuwa yuro 55 tu, na watu huidhani ndiyo gharama yote. Pesa zinakwenda kwingine: mtihani wa lugha zaidi ya yuro 100, mfasiri aliyeapishwa anayelipwa kwa ukurasa, nauli za ndugu kufuatilia karatasi nyumbani, na cheti cha polisi cha tabia njema kutoka Tanzania, kwa kuwa sikuwa nimetimiza miaka 10 Ufaransa.

Kilichonichelewesha zaidi ni jina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Wao wanataka jina la ukoo. Cheti cha kuzaliwa kilisema hivi, cha ndoa vile, pasipoti ikapanga kivyake, na faili likarudishwa. Kabla hujatafsiri chochote, tandaza karatasi zako zote mezani uhakikishe kila jina limeandikwa kwa herufi zile zile na mpangilio ule ule. Kama haviendani, tafuta hati ya kiapo nyumbani kwanza. Ukishatafsiri ndipo ugundue, utalipa mara mbili.

Humo humo kwenye fomu mna sehemu inayokuuliza kama unataka jina lako lifanywe la Kifaransa. Ni hiari, na ni bure. Mimi naitwa Mwanakheri, jina la bibi yangu mzaa baba. Mtu aliyenisaidia kujaza aliniambia kwa nia njema kabisa, "Weka Marie, itakurahisishia kazi." Na hakuwa akidanganya. Kuna utafiti uliochapishwa 2010 ambapo watafiti walipeleka maombi ya kazi ya wasichana wawili wa kubuni wenye asili ya Senegal, Marie Diouf na Khadija Diouf. Elimu moja, rangi moja, ukoo mmoja, tofauti ni dalili za dini tu. Nafasi ya Marie kuitwa kwenye usaili ilikuwa mara 2.5 ya nafasi ya Khadija. Kwa hiyo anayebadilisha jina simlaumu. Ana watoto wa kulisha.

Nilimpelekea jirani yangu swali hilo. Akanijibu kwamba babake alishalijibu zamani. Familia yao ni Wayahudi wa Constantine, Algeria, walihamia Marseille 1962. Baba akaona jina la ukoo linawafungia milango, akaomba wabadilishiwe, wakapewa jina ambalo ungedhani ni la mkulima wa kaskazini mwa Ufaransa. Kaka yake sasa ni mzee, anataka la zamani lirudi. Inabidi apitie Wizara ya Sheria, alipie matangazo, aeleze sababu, asubiri. Kuliingiza la Kifaransa ni kutia alama kwenye kisanduku, kurudisha la babu yako ni kesi. Niliacha kisanduku kitupu.

Siku ya usaili tuliitwa mimi na mume wangu. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, ana adabu. Aliniuliza sheria ya 1905 inatenganisha nini na nini (ni dini na serikali), Marianne ni nani (ni sanamu ya mwanamke anayewakilisha Jamhuri), wimbo wa taifa. Hayo yote yamo kwenye kijitabu cha raia, kisomeni mpaka kichakae. Kisha akaniuliza: ushungi huu umeuvaa tangu lini, na kwa amri ya nani? Mume wako anakuruhusu kufanya kazi? Binti yako anaogelea na wenzake skuli? Marafiki zako ni watu gani? Ndugu yako akioa wake wawili utasema nini?

Nilijibu, tena nilijibu vizuri. Lakini nilitoka nikitetemeka, na usiku nikalia. Si kwamba niliulizwa kwa ukali. Nililia kwa sababu mume wangu alikaa pembeni yangu na hakuna aliyewahi kumuuliza hayo, wala wenzangu wa kazini, wala mama wa Kifaransa ambaye mumewe hamruhusu kweli kufanya kazi. Mimi nilikuja na tuhuma tayari.

Nilipomsimulia jirani, hakushangaa hata kidogo. Akaniambia, "Sisi tuliulizwa maswali kumi na mawili." Nilidhani anasema usaili wa babake. Alikuwa anamsema Napoleon.

Hapa naomba mnivumilie, kwa maana ndilo jambo ninalotaka mlibebe. Ufaransa ndiyo iliyotangulia Ulaya kuwapa Wayahudi wote wa nchi uraia kamili, tarehe 27 Septemba 1791. Masharti yalikuwa yameshasemwa bungeni Desemba 1789 na Clermont-Tonnerre, naye alikuwa akiwatetea: Wayahudi kama taifa wanyimwe kila kitu, kama mtu mmoja mmoja wapewe kila kitu. Wakakubali. Miaka 15 baadaye, 1806, Napoleon akawaita wakuu wao Paris akawapa maswali 12. Dini yenu inaruhusu wake wengi? Binti wa Kiyahudi aweza kuolewa na Mkristo? Mnawaona Wafaransa kuwa ndugu au wageni? Mliozaliwa hapa mnaiona hii ni nchi yenu, na mko tayari kuilinda? Kwenye swali hilo wajumbe walipaza sauti: "Hadi kufa!" Mwaka uliofuata likakusanywa baraza la watu 71, wengi wao marabi, kuyatia majibu hayo muhuri wa dini. Walijibu kila walichoulizwa, karibu yote kwa namna iliyotakiwa.

Malipo yao yalikuja Machi 1808: amri iliyobana biashara zao na madeni waliyokuwa wakidai, iliyowawekea leseni ya kila mwaka wao peke yao, na iliyowazuia Wayahudi wa kwingine kuhamia Alsace, jimbo la mashariki mwa Ufaransa. Amri hiyo ilidumu miaka 10. Julai mwaka huo huo ikaja nyingine ya kuwalazimisha wachukue majina ya kudumu ya ukoo.

Jirani yangu haongei haya kama mwalimu wa historia. Kwake ni habari za mamake. Algeria ilipokuwa chini ya Ufaransa, sheria ya 1865 iliwaambia Waislamu na Wayahudi kwamba mtu akitaka uraia aachane na sheria za dini yake katika ndoa na mirathi. Wachache sana walikubali. 1870 serikali ikawapa Wayahudi uraia wote kwa mkupuo, watu kama 35,000, na Waislamu wakabaki raia wa chini waliowekewa kanuni zao za adhabu. Majirani waliokula mkate mmoja wakatenganishwa kwa karatasi, na uchungu wake upo hadi leo. Wayahudi wale wakajifunza Kifaransa, wakavaa Kifaransa, wakafia Ufaransa kwenye vita vya 1914. Tarehe 7 Oktoba 1940 serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, ikaufuta uraia wao kwa saini. Mamake jirani alikuwa msichana mdogo darasani Constantine. Mwalimu aliingia na orodha, akasoma majina, na kila aliyesomwa akakunja daftari akatoka. Mamake jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza katika kuandika imla ya Kifaransa. Waliupata uraia tena 1943, lakini yule mama hakuacha kuuliza, mpaka anakufa, kwa nini mwalimu hakusema hata "poleni".

Na hapo Marseille, Januari 1943, polisi wa Ufaransa wakishirikiana na Wajerumani walizingira mitaa ya bandari ya zamani. Wayahudi karibu 800 walipelekwa kuuawa Sobibor, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Wengi wao walikuwa raia wa Ufaransa.

Tangu nilipojua hayo niliacha kufikiri kwamba nikijipunguza kidogo tena nitafika mahali pa kukubalika. Kukubalika huko ni kama upeo wa bahari: unapiga makasia, nao unasogea. Kwa hiyo nilijiwekea njia nyingine, na ndiyo ninayowapa dada zangu. Jifunze sheria inataka nini hasa, itekeleze bila manung'uniko, na usitoe kwa hofu kile ambacho sheria haikuomba.

Nitoe mifano. Kuvaa ushungi barabarani, sokoni, hospitali kama mgonjwa, au mbele ya dirisha la prefektura, ofisi ya serikali inayoshughulikia maombi haya, ni halali. Kilichokatazwa hadharani kwa sheria ya 2010, iliyoanza kutumika 2011, ni kufunika uso, faini yake hadi yuro 150. Mtumishi wa serikali akiwa kazini hawezi kuonesha dini yake, awe Muislamu, Myahudi au Mkristo. Mwanafunzi wa skuli ya serikali, tangu sheria ya Machi 2004, havai ushungi wala kikofia cha Kiyahudi. Kampuni binafsi inaweza kuwa na kanuni ya kutoonesha dini, lakini lazima iwe imeandikwa na iwahusu watu wa imani zote bila kubagua, kwa hiyo omba uioneshwe. Mzazi anayesindikiza watoto matembezi ya skuli si mtumishi wa serikali. Hata hivyo Oktoba 2019 mjumbe wa chama cha mrengo wa kulia alisimama ndani ya baraza la mkoa Dijon akataka mama aliyesindikiza wanafunzi avue ushungi, na picha ya mwanawe akilia kifuani mwake ikazunguka nchi nzima. Yule mama hakuwa amevunja sheria yoyote.

Mkono. Mwaka 2016 mwanamke wa Algeria, mke wa Mfaransa, alikataa kuwapa mkono maofisa wanaume kwenye sherehe yake ya uraia. Serikali ikampinga kwa kutojumuika na jamii, na Aprili 2018 Conseil d'État, mahakama ya juu ya kesi za watu na serikali, ikaiunga mkono serikali. Nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu, akanieleza kauli za wanazuoni akaniachia uamuzi. Mimi nilitoa mkono. Mwingine ataamua vingine, na dhamiri yake ni yake, ila aamue akijua bei. Na ajue pia kwamba kwa sisi wa ndoa serikali ina muda wa miaka 2 wa kupinga uraia wako kwa sababu hiyo.

Kilichoniuma kuliko usaili ni Septemba 2023. Abaya zilipigwa marufuku skuli, na Conseil d'État haikusimamisha katazo. Binti yangu havai ushungi skuli wala hajawahi kuleta ubishi. Siku hiyo alivaa gauni refu la maua, la duka la kawaida, ambalo rafiki yake Mfaransa alikuwa nalo la rangi nyingine. Getini mmoja akapita, mwingine akasimamishwa. Mnajua yupi. Mume wangu alitaka kwenda kugomba. Tukaandika barua badala yake, fupi, tukiuliza ni kipi katika gauni hilo kilichokuwa cha dini, na tukikumbusha kwamba sheria ya 2004 yenyewe inataka mazungumzo na mwanafunzi kabla ya adhabu. Jibu lilikuja, la kistaarabu, na hakusimamishwa tena. Lakini gauni lile hakulivaa tena. Nilipomwambia ana haki ya kulivaa alinijibu, "Mama, sitaki wanitazame." Alikuwa na miaka 12. Barua ilishinda, na mtoto akajipunguza mwenyewe. Hilo sijui dawa yake.

Kuna na deni letu wenyewe. Kwenye barza na harusi zetu Myahudi anatajwa kama tusi, na vita vya Gaza vilipoanza nilisikia mambo mabaya yakisemwa juu ya watu wa ghorofa ya tatu ambao hawajawahi kuishi Israeli. Nina uchungu na Gaza na sitaomba radhi kwa uchungu huo. Lakini mzee anayekwenda sinagogi Marseille hana jeshi, kama mimi nisivyokuwa na panga la yule kijana wa 2016. Tunapotaka Wafaransa wasituhukumu kwa aliyofanya mwingine, tuanzie sebuleni kwetu. Na tukumbuke nyumbani pia: kwetu Unguja mwezi wa Ramadhani Mkristo wa bara anakula kwa kujificha, na sisi tulio wengi hatukuwahi kumuuliza anajisikiaje. Nilihitaji kuwa wachache ndipo nikaliona.

Nilipomwalika jirani kwenye harusi ya shemeji yangu, mama mmoja alihama meza. Nilimfuata, nikamwambia mgeni yule ni mgeni wangu, akitaka kuhama ahame na sahani yake. Alirudi. Sasa wanabadilishana mapishi ya maharagwe.

Kwa wenye miadi karibuni: jibu swali uliloulizwa, usihubiri na usijitetee kabla hujashtakiwa. Ukiulizwa juu ya ushungi, sema ukweli kwa sentensi moja. Nendeni pamoja mume na mke, mkiwa na nakala za bili za nyumba zenye majina yote mawili. Picha ya pasipoti na kitambulisho hupigwa kichwa wazi, hakuna msamaha, kwa hiyo tafuta mapema studio yenye mpiga picha mwanamke. Ukibaguliwa kazini, skuli au ofisini, andika siku hiyo hiyo tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na walioyasikia, kisha piga 39 28, namba ya Mtetezi wa Haki, Défenseur des droits. Ni taasisi ya umma na huduma yake ni bure. Kama Kifaransa kinakukwama ukiwa na hasira, kaa na mtu anayekijua vizuri zaidi yako. Mimi nilikaa na jirani yangu.